Sura ya Sita: Wayo Unaorudi Mchangani – Utengamao Baada ya Upasuaji, Lodwar na Kakuma

Kiswahili kimeupa mguu jina moja kuanzia nyonga hadi ncha za vidole, na ndiyo maana mgonjwa anayefika hospitalini akisema kwamba mguu unamuuma hulazimika kuonyesha kwa kidole mahali hasa penye maumivu. Katika sura hii neno wayo litatumiwa kwa maana pana kuliko ile ya kawaida: si sehemu inayokanyaga chini peke yake, bali yote iliyo chini ya kifundo cha mguu pamoja na kifundo chenyewe, kwa kuwa matabibu wa mifupa huvitazama viwili hivyo kama mtambo mmoja. Mtambo huo una mifupa 26 na viungo 33, umefungwa kwa ligamenti, yaani tepe ngumu zinazounganisha mfupa na mfupa, na huendeshwa na kano, yaani kamba zinazouunganisha msuli na mfupa, ambazo kubwa kuliko zote ni kano ya kisigino. Daktari wa upasuaji anaweza kuunga mfupa kwa pini au bamba la chuma, kushona kano iliyokatika, au kuondoa nyama iliyooza, lakini hawezi kuupa wayo nguvu, mnyumbuko na hisia ya kujua umekanyaga wapi. Kazi hiyo ya pili, ambayo huchukua miezi pale ambapo upasuaji ulichukua saa, ndiyo inayoitwa utengamao, nayo hufanywa kwa sehemu kubwa kupitia fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, mikono na vifaa.

Vitabu vingi vya mazoezi ya baada ya upasuaji huchora mgonjwa aliyeketi kwenye sofa, mguu juu ya mto, taulo mkononi, na sakafu ya vigae mbele yake, kana kwamba wayo wa binadamu umeumbiwa sebule. Katika Kaunti ya Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, wayo uliopasuliwa hurudi kwenye ardhi ya namna nyingine kabisa: mchanga mlegevu wa laga, ambayo ni mito ya msimu inayokauka sehemu kubwa ya mwaka, vijiwe vikali vyeusi vya volkano, miiba ya migunga, choo cha shimo kinachomtaka mtu achuchumae, na mtungi wa lita 20 ambao mtu hauachi nyumbani kwa sababu tu daktari amemwambia apumzike. Hoja ya sura hii ni kwamba malengo ya utengamao hayana budi kupimwa kwa ardhi ambayo mgonjwa ataikanyaga, wala si kwa korido ya wodi, na kwamba mpango usiofanya hivyo hushindwa hata pale ambapo upasuaji ulikuwa wa hali ya juu.

Turkana ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo watu 926,976. Makao makuu yake ni Lodwar, mji ulio kando ya mto Turkwel, ambako ndiko iliko hospitali ya rufaa ya kaunti. Takriban kilomita 120 kaskazini-magharibi, kando ya laga ya Tarach, upo Kakuma, mji mdogo uliogeuka jina linalojulikana duniani baada ya kambi ya wakimbizi kufunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan. Leo kambi hiyo pamoja na makazi jirani ya Kalobeyei huhifadhi zaidi ya watu 200,000. Kakuma ina hospitali ya misheni ya Kanisa Katoliki, na ndani ya kambi kuna vituo vya afya vinavyoendeshwa na mashirika ya misaada, huku shirika la Humanity & Inclusion likitoa huduma za utengamao kwa wakimbizi na wenyeji wenye ulemavu. Upasuaji mgumu wa mifupa mara nyingi hupelekwa kusini, Kitale au Eldoret, na kutoka Lodwar hadi Kitale ni kilomita zinazokaribia 300. Maana ya umbali huo ni kwamba ratiba ya kawaida ya kliniki, ambapo mgonjwa huonana na mtaalamu mara moja au mbili kwa wiki kwa muda wa wiki 12, kwa familia ya wafugaji ni ndoto. Mgonjwa ataonwa mara chache, na mara hizo chache lazima zitoshe.

Sababu zinazowafikisha watu kwenye meza ya upasuaji huko si zile zinazojaza vitabu vya Ulaya, ambako nafasi kubwa hupewa kidole gumba kilichopinda kwa sababu ya viatu vyembamba. Wapo waliovunjika kifundo katika ajali za bodaboda, wapo waliopigwa risasi katika uvamizi wa mifugo, wapo walioumwa na nyoka, na wapo wenye kisukari, ugonjwa unaoua neva za wayo hadi mtu akakanyaga msumari asijue. Kuna pia maisetoma, ugonjwa wa kuvu au bakteria wanaoingia kwenye nyama kupitia jeraha dogo, hasa la mwiba, na kukua humo polepole kwa miaka, wakiufanya wayo uvimbe na kutoa usaha wenye punje. Turkana imo ndani ya ukanda wa dunia ambao ugonjwa huo hupatikana, na Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha yake ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa mwaka 2016. Kwa kuwa maisetoma haiumi sana mwanzoni, watu huchelewa, na anayechelewa hukatwa nyama nyingi au kukatwa wayo mzima. Kila kundi kati ya haya lina utengamao wake, ila hatua za msingi hufanana.

Eneo hili, kwa hakika, lina historia ya utengamao ambayo haijulikani inavyostahili. Mwaka 1987 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilifungua hospitali huko Lopiding, nje kidogo ya Lokichoggio, si mbali na mpaka, ili kuwatibu majeruhi wa vita vya kusini mwa Sudan waliokuwa wakiletwa kwa ndege. Hospitali hiyo ilikua hadi kuwa miongoni mwa hospitali kubwa kabisa za upasuaji wa kivita ambazo kamati hiyo imewahi kuziendesha, na mwaka 2006, baada ya mkataba wa amani, ilikabidhiwa serikali ya Kenya. Mambo mawili ya Lopiding yanahusu sura hii moja kwa moja. La kwanza ni kanuni ya upasuaji wa majeraha ya risasi na mabomu, ambapo jeraha husafishwa, nyama iliyokufa ikaondolewa, kisha likaachwa wazi kwa siku takriban 5 kabla ya kushonwa, kwa sababu jeraha chafu likifungwa mapema hufungiwa uozo ndani. Anayefanya kazi ya utengamao lazima ajue kanuni hiyo, la sivyo atamwanzishia mgonjwa mazoezi kwa kalenda ya jeraha safi. La pili ni karakana ya viungo bandia iliyokuwa hapo, ambamo miguu ilitengenezwa kwa polipropilini, plastiki nyepesi na ya bei nafuu inayoweza kuyeyushwa na kufinyangwa upya. Hapo, upasuaji na utengamao vilikaa katika ua mmoja, na mgonjwa hakutakiwa kusafiri siku nzima ili kutoka kwenye kisu hadi kwenye gongo.

Kupona kwa wayo huenda kwa hatua zisizokuwa na mipaka mikali. Katika wiki mbili za kwanza mwili hupambana na uvimbe, na kwa wayo pambano hilo ni gumu kuliko kwa mkono, kwa kuwa damu na maji ya mwili hulazimika kupanda kuelekea moyoni dhidi ya mvutano wa ardhi. Kazi hiyo ya kupandisha hufanywa kwa kawaida na misuli ya shavu la mguu, ambayo kila mtu anapopiga hatua huzikamua vena na kusukuma damu juu, kama mtu akamuaye chuchu za ng’ombe. Wayo usiotembea hupoteza pampu hiyo, damu hutuama, na iliyotuama huweza kuganda ndani ya vena na kipande chake kusafiri hadi mapafuni. Ndiyo maana amri ya kwanza ya fiziotherapia si mazoezi bali mkao: wayo uinuliwe juu ya kimo cha moyo kwa sehemu kubwa ya siku. Kuuweka tu juu ya kiti huku mgonjwa ameketi hakutoshi. Nyumbani kusiko na kitanda wala mito, mgonjwa anaweza kulala kwenye ngozi au mkeka na kuegemeza shavu la mguu juu ya gunia lililojazwa mchanga kiasi na kufunikwa kwa shuka, kisigino kikining’inia bila kugusa kitu, kwa sababu kisigino kinachokandamizwa muda mrefu hupata kidonda chake. Pamoja na mkao huo, vidole huchezeshwa, na goti na nyonga hukunjwa na kunyooshwa mara kwa mara mchana kutwa, hata kama kifundo kimefungwa plasta.

Plasta yenyewe ina mambo yake katika mji ambao joto la mchana hufika nyuzi 35 na zaidi kwa miezi mingi. Jasho huilainisha kwa ndani, vumbi huingia kwenye kingo zake, na mwasho humshawishi mgonjwa achomeke kijiti, jambo ambalo huchubua ngozi mahali ambapo hakuna atakayeona hadi harufu itoke. Mwasho hutulizwa kwa kupepea ndani ya plasta au kugonga kwa nje. Kuna dalili ambazo mgonjwa na jamaa yake lazima wazijue kwa moyo kabla ya kutoka hospitalini: vidole vinavyokuwa baridi, vyeusi au vyenye ganzi, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hasa vidole vinaponyooshwa, homa, usaha au harufu, na shavu la mguu linalovimba na kuuma au pumzi inayokatika ghafla. Hakuna kati ya hizo inayosubiri siku ya miadi.

Kutembea kwa magongo kunaonekana kuwa jambo dogo, na pengine kwa sababu hiyo hufundishwa kwa haraka kuliko jambo lingine lolote. Uzito wa mwili hubebwa na viganja, si makwapa, kwa kuwa neva zinazopita kwapani zikikandamizwa mkono hufa ganzi. Gongo huachwa vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na kiwiko hukunjwa kidogo. Kwenye ngazi mguu mzima hutangulia kupanda na mguu mgonjwa hutangulia kushuka. Hayo yote ni sahihi, na yote hudhani kwamba ncha ya gongo itakaa mahali ilipowekwa. Kwenye mchanga wa Lodwar ncha nyembamba huzama kama mwiko ndani ya uji, gongo moja likizama kuliko jingine mgonjwa hupepesuka, na silika humfanya akanyage chini kwa wayo uleule aliokatazwa kuukanyaga. Dawa yake ni nyepesi: kipande cha tairi kuukuu, cha aina ileile ambayo mafundi wa akala hukatia viatu, kikikatwa kwa mviringo mpana na kufungwa imara kwenye ncha ya gongo, huusambaza uzito na kuzuia kuzama. Mafunzo ya magongo yafanywe nje ya wodi, uani, kwenye mchanga halisi, hata kama ni kwa robo saa, kwa kuwa mgonjwa anayeanguka siku ya kwanza nyumbani mara nyingi huyaacha magongo na kuanza kuchechemea.

Mifupa mingi ya wayo huhitaji wiki 6 hadi 8 kuunga vya kutosha, na katika muda huo daktari huamua ni kiasi gani cha uzito kiruhusiwe. Agizo kwamba mgonjwa akanyage kwa robo ya uzito wake huonekana wazi kwenye faili, lakini mwili haujui robo ni kiasi gani hadi ufundishwe: mgonjwa husimama na kuweka wayo mgonjwa juu ya mizani ya kliniki, ile ya kupimia uzani, na kukandamiza hadi mshale ufike kwenye namba iliyotajwa, mara nyingi, mpaka hisia hiyo ikae akilini. Uzito huongezwa hatua kwa hatua, na kipimo cha kuamulia ni uvimbe na maumivu ya asubuhi inayofuata, si ushujaa wa jioni. Kuna umuhimu wa kulisema hili katika jamii ambayo mwanamume hulelewa akijua kwamba kulalamikia maumivu ni aibu. Ushupavu huo humfaa mtu malishoni, lakini katika wiki ya nne baada ya upasuaji wa kano ya kisigino ni hatari tupu, kwani kano iliyoshonwa hukatika tena kwa hatua moja ya kuteleza, na ikinyooshwa mapema mno huponea ikiwa ndefu, na kano ndefu haina nguvu ya kusukuma.

Mnyumbuko wa kifundo ndio mahali ambapo tofauti kati ya korido na ardhi huonekana wazi zaidi. Ili kutembea mahali tambarare, kifundo huhitaji kukunjika kuelekea juu, yaani vidole kusogelea muundi, kwa nyuzi takriban 10 tu, na mgonjwa anayezifikia huhesabiwa katika vitabu vingi kuwa amefaulu. Lakini kuchuchumaa huku visigino vikigusa chini huhitaji nyuzi 30 na zaidi. Mwanamume wa Kiturkana hubeba ekicholong, kigoda cha mti ambacho mchana ni kiti na usiku ni mto wa kuegemeza kichwa, na kimo chake hakizidi shubiri kwa kiasi kikubwa. Kukikalia na kuinuka humtaka mtu akunje kifundo kwa kiasi kinachokaribia kuchuchumaa. Kwa hiyo mgonjwa mwenye nyuzi 10 anaweza kutembea vizuri mbele ya daktari, akasifiwa, kisha akashindwa kuketi na wazee wenzake chini ya mti na kushindwa kutumia choo bila kushikwa mkono. Huko si kupona. Kwa upande mwingine kigoda hichohicho ni kifaa cha mazoezi kilicho tayari: daktari akisharuhusu, mgonjwa huanza kukalia kitu kirefu, labda jerikani iliyosimamishwa, kisha kifupi zaidi, kisha kigoda, akijitahidi kisigino kisiinuke, na kila kimo kipya huwa ni kipimo ambacho hakihitaji rula. Shuka nalo hufanya kazi ya taulo la vitabuni: hupitishwa chini ya mwanzo wa vidole, ncha zake zikavutwa kwa mikono miwili huku goti limenyooshwa, mvuto ukashikiliwa kwa muda wa nusu dakika na kulegezwa, bila kudunda.

Kovu linahitaji mikono. Mara jeraha linapofunga kabisa na nyuzi kutolewa, ngozi ya juu yake husuguliwa kwa kidole na mafuta kidogo, kwa miduara, dakika chache kila siku, ili isigandamane na kano zilizo chini yake na kuzizuia kuteleza. Neva zilizochokozwa na kisu hubaki na ukali wa ajabu kwa wiki kadhaa, kiasi kwamba mguso wa nguo unaweza kuuma kuliko mkandamizo, na tiba yake ni kuzizoesha: kitambaa laini kwanza, kisha kigumu, kisha mchanga mkavu uliopembuliwa miiba na vijiwe, ambamo wayo huzamishwa taratibu na vidole kuchota. Zoezi la kuchota mchanga kwa vidole huamsha misuli midogo iliyo ndani ya wayo, ile inayolishikilia tao lake, na katika hili Turkana imejaliwa kuliko Nairobi. Tunda kavu la mkoma, mti wa kando ya mito ambao majani yake husukiwa vikapu, ni gumu na la mviringo kiasi cha kutosha kubingirishwa chini ya unyayo kama mpira. Mwenye kisukari, hata hivyo, asifanye lolote kati ya haya pekupeku, kwa sababu wayo usiohisi haujui tofauti kati ya kusuguliwa na kuchunwa. Kwake zoezi la kwanza ni macho, kukagua nyayo zote mbili kila jioni na kukung’uta viatu kabla ya kuvivaa.

Nguvu hurudi mwisho, na hurudi kwa uvivu. Zoezi kuu ni kuinua visigino: kwanza kwa miguu yote miwili huku mikono imeshika nguzo ya boma, kisha kupanda kwa miwili na kushuka kwa mmoja, kisha kwa mguu mgonjwa peke yake. Mtu mzima mwenye afya huweza kuinua kisigino kimoja mara 25 mfululizo, na wagonjwa wengi wa kano ya kisigino hawafiki hapo hata baada ya miezi 6. Pamoja na nguvu huja uwiano, yaani uwezo wa kusimama kwa mguu mmoja, macho yakiwa wazi kwanza na baadaye yamefumbwa, kwa kuwa ligamenti zilizokatwa hupoteza vihisishi vinavyoujulisha ubongo kifundo kimeegemea upande gani.

Ardhi ya kutembelea nayo ina daraja zake. Watafiti wa Ubelgiji walionyesha mwaka 1998 kwamba kutembea kwenye mchanga humgharimu mtu nishati mara 2.1 hadi 2.7 ya ile ya kutembea kwenye sakafu ngumu, kwa sababu sehemu ya kila msukumo hupotea katika kuusogeza mchanga wenyewe, na misuli hufanya kazi ya ziada bila kurudishiwa. Hesabu hiyo haihitaji kufafanuliwa kwa mama aliyewahi kutoka lagani na mtungi. Kwa mgonjwa maana yake ni kwamba mwendo wa nusu kilomita mchangani unaweza kuwa mzigo wa zaidi ya kilomita moja barabarani, na mpango usiotaja ardhi hautaji kipimo. Mfuatano unaofaa ni kuanza kwenye udongo mgumu uliokanyagwa, kuhamia kwenye mchanga wenye unyevu wa kingo za mto, na kumalizia kwenye mchanga mkavu mlegevu na mawe. Mzigo kichwani au mgongoni usirudi kabla mgonjwa hajaweza kutembea njia nzima ya kwenda majini mikono mitupu bila kuvimba kesho yake. Familia ikijulishwa mapema kwamba kazi ya kuchota maji itahitaji mtu mwingine kwa miezi 3, huweza kujipanga. Isipojulishwa, mama huamka siku ya tatu na kwenda mwenyewe.

Mfano ulio bora kuliko yote wa namna utengamao unavyoweza kuuzidi upasuaji ni ule wa watoto wanaozaliwa na nyayo zilizopinda kuelekea ndani na chini. Mbinu inayotumiwa leo duniani ni ya Ignacio Ponseti, daktari mzaliwa wa Menorca, Hispania, aliyefanya kazi huko Iowa, Marekani: wayo wa mtoto mchanga hunyooshwa kidogo kidogo kwa plasta inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara 5 au 6, kisha kwa walio wengi kano ya kisigino hukatwa kwa tundu dogo tu, na plasta ya mwisho hukaa wiki 3 huku kano ikijiunga upya kwa urefu mpya. Upasuaji wenyewe ni wa dakika chache. Baada yake mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma kwa saa 23 kila siku kwa miezi 3, halafu wakati wa kulala hadi afikishe takriban miaka 4, na sababu kuu ya nyayo kupinda tena ni viatu hivyo kuachwa. Hapa Afrika Mashariki imetoa mchango ulioenea mbali: nchini Uganda, katika kituo cha Katalemwa mjini Kampala, Michiel Steenbeek alibuni kifaa cha aina hiyo kinachotengenezwa kwa ngozi na chuma cha kawaida katika karakana ndogo, na kifaa hicho, kiitwacho kwa jina lake, kimetumika katika nchi nyingi maskini. Kwa familia inayohama na mifugo kutafuta malisho, miaka 4 ya viatu vya usiku ni ahadi kubwa, kwa kuwa mtoto hukua na viatu lazima vibadilishwe, na mwenye kuvibadilisha yuko mjini. Kliniki ambayo humkabidhi mama jozi mbili, ya sasa na ya ukubwa unaofuata, imeelewa mambo kuliko ile inayomwandikia tarehe ya kurudi.

Kwa waliokatwa wayo, suala huwa ni kiungo bandia kinachoikubali ardhi. Wayo wa Jaipur, uliobuniwa nchini India mwaka 1968 na fundi Ram Chandra Sharma pamoja na daktari P. K. Sethi, umetengenezwa kwa mpira unaopinda pande zote, ili mtu aweze kuchuchumaa, kukaa chini na kutembea bila kiatu, mambo ambayo nyayo bandia za Ulaya za wakati ule hazikuyafikiria. Mafundi wa kutengeneza na kurekebisha vifaa kama hivyo wamekuwa wakifunzwa katika kanda hii tangu mwaka 1981 katika chuo cha TATCOT kilicho Moshi, Tanzania. Wasichoweza mafundi ni kumfuata mgonjwa malishoni, na kisiki cha mguu husinyaa katika mwaka wa kwanza kiasi cha kulegeza kikombe cha kiungo bandia kilichopimwa mapema. Anayerudi Lodwar au Kakuma kupimiwa tena hutembea, na asiyerudi hukitundika kiungo chake ukutani.

Kenya ina sheria ya wataalamu wa fiziotherapia ya mwaka 2014, iliyoanzisha baraza la kuwasajili na kusimamia kazi yao, lakini sheria haisambazi watu, na wengi wao wako mijini. Kwa sababu hiyo katika kaunti kama Turkana sehemu kubwa ya utengamao hufanywa na mke, mama, kaka au jirani, na mtu huyo ndiye anayepaswa kufunzwa, kwa mikono yake juu ya mguu ule, kabla ya siku ya kuondoka. Kakuma ina ugumu wa ziada wa lugha: katika kituo kimoja wanaweza kukaa wanaozungumza Kiturkana, Kisomali, Kidinka, Kinuer, Kiarabu cha Juba, Kirundi na Kiswahili cha Kongo, na karatasi ya mazoezi yenye maandishi ya Kiingereza humfaa aliyeiandika. Picha hufaa zaidi, na vijana wakimbizi waliofunzwa kufundisha mazoezi hayo, wanaokwenda nyumba kwa nyumba wakizungumza lugha ya nyumba, hufaa kuliko picha. Chakula nacho ni sehemu ya tiba, kwani mfupa na ngozi havijengwi bila protini, na kupunguzwa kwa mgao wa chakula kambini mwaka 2025 ni jambo ambalo mtaalamu wa viungo hawezi kulitibu kwa zoezi lolote. Anachoweza ni kulipima, kuliandika kwenye faili, na kumtuma mgonjwa kwa wanaohusika na lishe kabla ya kumlaumu kwamba hafanyi bidii.

Kwa wasimamizi wa wodi za mifupa Lodwar na Kakuma, basi, ombi ni dogo na halina gharama. Kabla mgonjwa wa wayo hajapewa ruhusa ya kwenda nyumbani, aulizwe anachota maji wapi, analala juu ya nini, anatumia choo gani na nani atamshika mkono. Majibu hayo yaandikwe kwenye ukurasa uleule wa maelezo ya upasuaji. Na pale uani, karibu na mlango, kuwe na kigoda cha ekicholong na rundo la mchanga, ili kila anayerudi kliniki aketi, ainuke na avuke mchanga huo mbele ya mtaalamu kabla ya mtu yeyote kuandika kwamba amepona.